Kola ya Farasi Jike wa Kabiria

Mume wangu alimleta farasi nyumbani kabla hajaniuliza. Ilikuwa Jumapili, katikati ya miaka ya themanini, nami nilikuwa nimeketi mlangoni kwetu Kabiria nikichambua sukuma wiki. Nilisikia watoto wa majirani wakipiga kelele barabarani, nikadhani kuna mwizi. Nilipoinua kichwa nikamwona mume wangu anakuja kwa miguu, matope hadi magotini, na nyuma yake mnyama mkubwa hata ua wetu wa michongoma ukaonekana kama kitu cha kuchezea.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza. Sikusema "hiyo ni nini." Hata leo sijui kwa nini.

"Ni mgeni," akasema. "Atakaa."

Mume wangu alikuwa saisi. Tangu ujana wake alitunza farasi wa mbio kwenye mazizi ya upande wa Ngong Road, akiwasugua, akiwalisha, akiwatembeza alfajiri. Siku iliyotangulia alikuwa ameitwa Limuru, kwenye shamba la mama mmoja mzee wa Kizungu aliyekuwa anauza kila kitu arudi kwao. Farasi wengine wote walikuwa wamepata pa kwenda. Huyu mmoja hakuna aliyemtaka. Hakuwa wa mbio wala wa kupandwa. Ukoo wake ulikuwa wa kazi ya kuvuta, majembe na magogo, na trekta ilikuwa imemnyang'anya kazi hiyo zamani. Daktari wa mifugo alikuwa ameambiwa aje na bunduki Jumatatu.

"Sasa ungetaka nifanye nini?" mume wangu akaniuliza usiku huo, sahani ikiwa mapajani. "Niliangalia macho yake. Ana miaka tisa tu. Huyo bado ni msichana."

Nilikasirika siku mbili nzima. Chumba chetu kilikuwa kimoja, na nyuma yake kipande cha shamba alichoachiwa na babake. Hatukuwa tumejaliwa mtoto. Nilimwambia kwamba watu watatucheka, na kweli walitucheka. Siku ya tatu nilitoka kumwaga maji ya vyombo, yule farasi akanyoosha shingo juu ya ua akaniwekea pua begani. Alikuwa na rangi ya karanga zilizokaangwa, na miguu myeupe yenye manywele marefu yaliyofunika kwato, kama mtu aliyevaa suruali ya kakake. Akapumua. Nikasimama pale na sufuria tupu mpaka alipomaliza alichokuwa anakitafuta shingoni mwangu.

Mume wangu alimwita Mami. Mimi sikumwita kitu. Nilikuwa nikisema "yeye" tu, na mume wangu alijua ninamaanisha nani.

Pamoja na farasi alikuwa amepewa gunia la vifaa vyake. Tulipolimwaga uani, karibu kila kitu kilikuwa kimeoza. Hatamu zilikatika mikononi. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, ilikuwa imeshika kutu. Na kulikuwa na kola, ambayo panya walikuwa wameifanya nyumba.

Kabla ya siku ile nilidhani farasi hufungwa kamba akavuta, basi. Mume wangu akacheka. "Farasi havuti," akaniambia, "anasukuma. Anaisukuma kola kwa mabega, halafu mnyororo ndio unavuta gogo." Kola yenyewe ni kitu kizito, umbo lake kama yai lililotobolewa katikati. Ndani imejazwa majani makavu ya ngano yaliyoshindiliwa mpaka yakawa magumu kama ubao, na nje imefunikwa ngozi. Inavikwa shingoni ikalalia mabega, na uzito wote wa gogo unapita hapo. Ikiwa ndogo inamnyonga. Ikiwa kubwa inateleza na kumsugua, na mnyama aliyesuguliwa bega hafai tena kwa kazi, hata apone vipi. Chini, penye koo, kiganja kipite kikiwa kimelala. Pembeni, vidole viwili. Hivyo ndivyo alivyonifundisha.

Akanifundisha mimi kwa sababu mimi ndiye nilikuwa fundi. Babangu alishona viatu mjini, chini ya ngazi za jengo moja kwenye kichochoro cha River Road, na mimi nilikulia hapo nikishika msharasi wa kutobolea ngozi kabla sijashika kalamu. Nilijua ngozi. Nikampima yule farasi shingo kwa uzi, nikaifumua ile kola kuukuu mshono kwa mshono ili nione aliyeishona alifikiri nini, nikaanza upya. Ya kwanza niliishona siku kumi na ikawa mbaya, imepinda upande kama mdomo wa mtu anayeumwa jino. Niliifumua. Ya pili ilichukua mwezi. Nilitumia uzi niliousokota mwenyewe na kuupaka nta, mishono midogo midogo, na upande unaogusa ngozi ya mnyama sikuacha fundo hata moja.

Vyuma vilitengenezwa na mzee mmoja Kalasinga aliyekuwa na karakana mjini, barabara ya Kirinyaga. Watu wote walimwita Kalasinga, na yeye mwenyewe akipokea simu alisema, "Kalasinga hapa." Alikuwa mtu mrefu, ndevu nyeupe, kilemba cha buluu chenye alama za cheche za moto. Mume wangu alimchorea kwa makaa sakafuni: pembe mbili za chuma za kuikumbatia kola, minyororo miwili ya pembeni, mti mfupi mgumu wenye ndoano wa kukaa nyuma ya farasi, na koleo kubwa ambalo meno yake hujikaza yenyewe kila gogo linapovutwa. Mzee akachuchumaa akaangalia michoro ile muda mrefu.

"Babu yangu alikuwa na kitu kama hii kwa ng'ombe, huko kwetu," akasema. Kisha akaweka kidole katikati, pale mti mfupi unapokutana na mnyororo wa gogo. "Lakini hapa wewe nakosa. Gogo ikirudi nyuma, farasi nakwenda na yeye. Hapa lazima iko ndoano ya kufungua haraka. Wewe napiga pini, inafunguka. Moja kwa moja."

"Hata kama mnyororo umekaza?" mume wangu akauliza.

"Hata kama gari-moshi nafungwa hapo. Mimi nafanya."

Akaifanya. Ilikuwa kubwa kama ngumi yangu, na pini yake ilikuwa na kichwa bapa cha kupiga kwa nyundo au hata kwa kisigino cha buti.

Kwa miaka mitano hivi farasi yule ndiye aliyetuweka mjini. Kule Spring Valley na mitaa ya jirani, miti iliyopandwa na wenye nyumba wa kwanza ilikuwa imezeeka. Mikaratusi na misaipresi ilikuwa imeinamia mapaa, na wenyewe walitaka iondolewe, ila hawakutaka trekta iwachimbulie bustani. Ndipo tulipoingia sisi. Mume wangu alikata kwa msumeno na kabari, akapunguza matawi kwa shoka, akalifunga gogo koleo. Kisha akasema neno moja la Kikuyu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, na farasi akainamisha kichwa, akaegemea kola, na gogo likaanza kusogea. Tulipita kati ya maua tusivunje shina. Tulilipeleka hadi lango kuu ambako lori la mwenye mbao lilikuwa linangoja.

Mimi kazi yangu ilikuwa vifaa. Kila asubuhi nilipitisha vidole kwenye kila mshono. Kila baada ya magogo mawili matatu nilitia mkono chini ya kola kuhisi mabega yake. Nikikuta mahali pamoja pana joto kuliko pengine, nilisema "bado," na mume wangu aliketi chini hata kama mwenye nyumba alikuwa anaangalia saa. Miaka mitano, na farasi yule hakuwahi kupata kidonda hata cha ukubwa wa punje ya mahindi. Nilijivunia jambo hilo kuliko kitu chochote nilichowahi kukifanya, na pengine ndiyo maana yaliyofuata ni mazito kwangu kuyasema.

Mume wangu alikuwa na sheria moja: hafanyi kazi mteremkoni udongo ukiwa umelowa. Mvua ya masika ikianza, vifaa vilipakwa mafuta na kutundikwa ukutani, na mimi nilirudi kwa babangu kushona viatu mpaka mvua ipungue.

Mwaka ule, mvua ikiwa katikati, mama mmoja mjane wa Kihindi alikuja mwenyewe hadi Kabiria, viatu vyake mkononi kwa sababu ya matope. Tulikuwa tumemfanyia kazi zamani. Mkaratusi ulikuwa umeanguka nyuma ya nyumba yake, bondeni, juu ya vyumba vya mfanyakazi wake na mkewe. Hakuna aliyeumia. Lakini shina lilikuwa limelalia ukuta, ukuta ulikuwa unapasuka, na lori haliwezi kufika kule chini.

Mume wangu akatazama juu. "Tungoje siku tatu, mama. Labda ardhi itakauka."

Yule mama hakubisha. Aliitikia kwa kichwa tu, akasimama pale na viatu vyake. Mimi ndiye niliyesema, "Kuna watu wanalala chini ya mti huo."

Mume wangu akaniangalia. "Haya," akasema.

Siku ile haikunyesha. Tulitoa magogo matatu tukayapandisha hadi langoni bila taabu, polepole, farasi akichagua mahali pa kuweka kwato kama mtu anayevuka mto. La nne lilikuwa la shina, nene kuliko yote. Nilitia mkono chini ya kola, kila kitu kilikuwa sawa. Mimi nilishika kichwa cha farasi, mume wangu akabaki nyuma, upande wa juu wa gogo, kama kawaida yake.

Tulikuwa tumefika katikati ya mteremko nilipohisi kichwa cha farasi kinashuka. Mguu wake wa nyuma ulikuwa umeteleza. Akapiga goti, akajaribu kuinuka, na gogo likaanza kurudi chini, likimvuta kinyumenyume. Minyororo ililia. Nilimwona mume wangu. Alikuwa na nafasi ya kuruka kando, nafasi ya kutosha kabisa, nimeipima akilini mwangu mara nyingi kuliko nilivyowahi kupima ngozi. Hakuruka. Aliingia kati, penye ndoano.

"Shika kichwa!" akapiga kelele.

Nilishika. Nikasikia nyundo, mara moja tu. Ndoano ikafunguka kama yule mzee alivyoahidi, moja kwa moja, na farasi, mzigo ukiwa umemtoka ghafla, akaruka mbele akanichukua. Nilining'inia kwenye hatamu nikiburutwa hadi juu, sikuweza kumsimamisha wala kuachilia. Nyuma yangu nilisikia gogo likizunguka, halafu nikamsikia mume wangu.

Farasi alisimama langoni. Nilipofanikiwa kuinuka, nikiwa na damu mdomoni, alikuwa anakula maua ya yule mama. Alikuwa ameinamisha kichwa na anayatafuna, polepole, kwa raha, na mume wangu alikuwa analia kule bondeni. Najua farasi hajui. Nilijua hata wakati ule. Lakini sauti ile ya kutafuna iliingia ndani yangu ikakaa.

Gogo lilikuwa limembana mguu kwenye kisiki. Mfanyakazi na mkewe na yule mjane walilisukuma kwa mtaimbo, mimi nikamvuta. Yule mama wa Kihindi alijivua mtandio wake akaufunga juu ya goti. Hospitalini walijaribu wiki mbili kuuokoa mguu, kisha wakaukata. Baada ya hapo kidonda kikaingia uchafu, akalala miezi minne.

Kila siku nilitoka Kabiria asubuhi, nikaenda kwa babangu kushona, saa za kuona wagonjwa nikaenda hospitalini, nikarudi nyumbani na kiza. Na pale uani alikuwa amesimama yeye, anataka nyasi, anataka maji ndoo nne. Akisikia lango alikuwa anainua masikio na kuangalia nyuma yangu, kama kuna mtu mwingine anayekuja. Mara ya kwanza niliumia. Baadaye nilichukia. Nilianza kusema naye. "Angeruka," nilimwambia. "Angekuacha uende na gogo lako." Nilimpa maji bila kumgusa. Sikumsugua tena.

Mwezi wa pili wa kulazwa kwake akaja mwanamume mmoja wa Waithaka aliyekuwa akibeba mawe ya kujengea kwa mkokoteni. Punda wake mmoja alikuwa amekufa. Alisimama uani akamzunguka farasi mara mbili.

"Mama, huyu unamlisha bure tu," akasema. "Nipe nikae naye. Mzee akipona, atakuja kumchukua."

"Mchukue," nikasema.

Hakuamini. "Leo?"

"Leo."

Akamfunga kamba. Alipofika langoni akageuka. "Na ile kitu ya shingo? Si alikuwa anavalishwa kitu ya shingo?"

Kola ilikuwa ukutani, ndani, mita tatu kutoka pale niliposimama. Ilikuwa imepakwa mafuta. Hakuna shingo nyingine Nairobi nzima ambayo ingeitosha.

"Vifaa ni vya mume wangu," nikasema. "Sina ruhusa."

Nilidanganya. Nilikuwa nimeishona mimi. Niliyajua mabega yale kuliko nilivyojua uso wangu mwenyewe, na nilijua kamba ingeyafanya nini. Sikufikiri, "Acha aumie." Sikuwaza neno lolote. Nilihisi tu kitu kigumu kifuani, na nikakiacha kiseme.

Mume wangu alipouliza hospitalini, nilimwambia farasi yuko Ngong kwa watu wema wenye majani mengi. Alifurahi sana. "Wanamkagua kwato?" akauliza. Nikasema wanamkagua. Akafunga macho akatabasamu, mara ya kwanza tangu wamkate mguu, na mimi nikaupokea huo uongo wangu kama dawa, nikawa nampa kila wiki. Nilimwambia amenenepa. Nilimwambia kuna mti anaupenda, anasimama chini yake mchana.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, alikuja kwa magongo mawili. Hakuuliza siku ya kwanza, alikuwa amechoka. Siku ya nne akasema, "Jumapili tutafute gari twende Ngong tukamwone Mami." Nikasema tungoje apate nguvu kidogo.

Jumamosi hiyo alikuja Kalasinga. Alikuwa amepeleka madirisha ya chuma kwenye nyumba moja Kawangware, na akapita kumjulia hali mgonjwa. Mume wangu alikuwa amelala. Mzee hakuketi. Alinivuta hadi uani.

"Mama, ile farasi yako mimi nimeona leo. Iko Kawangware, navuta mawe." Akashika ndevu. "Bega yake, mama. Mimi nimeona mfupa."

Nilichukua kola ukutani, nikaingia kwenye pikapu yake.

Tulimkuta kando ya barabara, mkokoteni umejaa mawe. Alikuwa amefungwa gunia kifuani na kamba ya katani juu yake, na gunia lilikuwa limetoboka. Mbavu zilihesabika. Manywele yale ya miguu yalikuwa yameshikana matope na damu. Kwenye bega la kulia palikuwa na shimo ambalo ngumi yangu ingeingia, na nzi. Yule mwanamume hakuwa katili, nataka niseme hivyo. Alikuwa ameweka gunia. Alikuwa amepaka grisi ya gari. Alifanya alichojua, na aliyekuwa anajua zaidi yake alikuwa amemnyima kola.

"Mama, ulikataa ile kitu," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeogopa kupelekwa kwa polisi.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikataa."

Farasi aliponisikia aliinua masikio. Akaangalia nyuma yangu.

Sijui nilifikiri nini, lakini niliichukua kola nikamvika. Labda nilitaka tu kumwonyesha kwamba nimeileta. Ikashuka shingoni ikaning'inia. Alikuwa amekonda hata ingeweza kuvikwa wawili kama yeye. Niliivua haraka kabla haijagusa bega. Kalasinga alisimama kando, ameangalia barabara, ili asinione.

Tulitembea naye hadi Kabiria, mimi nimeshika kamba, mzee akiendesha pikapu nyuma yetu kwa mwendo wa miguu, taa zikiwaka, magari yakimpigia honi na yeye hajali. Mume wangu alikuwa ameketi mlangoni. Alikuwa ameamka akakuta sipo, na kola haipo ukutani.

Alijiinua kwa magongo, akaja. Farasi akamwekea pua kifuani, akamsukuma kidogo, hata nusura aanguke, na mume wangu akacheka, kisha mkono wake ukashuka kwenye bega. Alihisi kabla hajaona. Akazunguka upande wa pili, kwa shida, gongo likizama kwenye udongo, akaangalia na bega lile lingine.

"Hii ni kamba," akasema.

"Ndiyo."

"Hakuwa Ngong."

"Hapana."

"Kola ilikuwa wapi?"

"Hapa. Ukutani."

Kalasinga alikuwa amewasha gari, akaondoka taratibu.

"Kwa nini hukuwapa?"

Ningeweza kusema nilisahau. Angeniamini, au angejifanya ameniamini. "Nilikuwa nimemkasirikia," nikasema. "Wewe ungeruka. Ulimchagua yeye."

Alibaki ameshika shingo ya farasi. "Sikumchagua mtu," akasema. "Nilimfunga mimi. Nani mwingine angemfungua?"

Ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia kwa siku nyingi. Alimtibu yeye mwenyewe. Alikaa kwenye kiti uani kuanzia asubuhi, akamwosha vidonda kwa maji ya chumvi, akamtoa funza kwa kijiti. Mimi nilichemsha maji na kuyaleta. Nilikata nyasi. Alipokea ndoo bila kuniangalia, si kwa hasira, ila kama mtu aliye mbali. Usiku nilimsikia yuko macho, naye alinisikia.

Bega la kushoto lilianza kufunga. La kulia lilikataa. Joto la mwili likapanda, akaacha kula, na asubuhi moja ya mwezi wa kumi, mvua za vuli zikikaribia, tulimkuta amelala ubavu. Mume wangu alijishusha chini akaweka kichwa cha farasi kwenye paja lake zima. Nami nikaketi upande wa pili. Sikuwa na haki ya kuketi pale, lakini hakunifukuza. Ilichukua mpaka saa tano. Alipumua mara moja kwa nguvu, kama alivyokuwa akifanya anapovuliwa vifaa jioni, halafu basi.

Kabla ya saa sita watu wawili walikuwa wamefika wakiuliza kuhusu nyama. Mume wangu aliwainulia gongo. Majirani, wale wale waliotucheka Jumapili ya kwanza, walikuja na majembe na sururu, na Kalasinga akaleta vijana wa karakana. Walichimba kuanzia mchana ule hadi jioni ya siku ya pili, kwa sababu alikuwa mkubwa na udongo ulikuwa na mawe. Mama mmoja wa jirani alileta chai kwa birika. Nilifurahi kuwa watu wapo, kwani sikujua ningefanya nini na mikono yangu.

Tuliendelea kuishi pamoja. Sitaki mtu afikiri tuliachana au tulikosana mchana na usiku. Mume wangu alijifunza kushona. Tulienda mjini pamoja, tukaketi chini ya zile ngazi za babangu, yeye akibandika soli na mimi nikishona, na wateja walimpenda kwa sababu alikuwa mchekeshaji. Tulizungumza juu ya kila kitu isipokuwa farasi. Mimi kwa siri nilianza kushona mito ya ngozi ya kuwekwa vifuani mwa punda, nikawapelekea wenye mikokoteni wa Waithaka na Kawangware. Wengine waliitumia. Mmoja nilimkuta ameukalia, amestarehe, na punda wake yuko na kamba tupu. Nilirudi nyumbani nikalia, na mume wangu aliponiuliza nimelilia nini, nikasema kichwa kinauma.

Miaka ilipita sita, saba. Alianza kuugua kifua. Siku moja ya mvua, tumeshindwa kwenda mjini, nikamuuliza. Nilikuwa nimebeba swali hilo kwa muda mrefu hata lilitoka bila sauti nzuri.

"Umenisamehe?"

Alikuwa anafuta miwani yake. Hakujifanya haelewi ninachosema.

"Mimi hukunikosea," akasema. "Yule uliyemkosea hawezi kusema." Akavaa miwani, akaniangalia, na macho yake yalikuwa na huruma, ambayo ilikuwa ngumu kwangu kuliko hasira. "Sasa nitakusamehe kwa niaba yake vipi? Ningetaka. Sijui njia."

Kisha akaninyooshea mkono, nikaenda kuketi karibu naye.

Sikumuuliza tena. Alifariki mwaka uliofuata, mchana, kitandani kwetu. Paa lilikuwa limeanza kuvuja upande wa jikoni, na tulikuwa tunabishana kama tununue bati moja au mawili. Yeye alisema mawili. Nilimjibu, nikangoja aniambie kwa nini, na nilipogeuka kumwangalia alikuwa ameshakwenda.